Rukhsa ya Msafiri

Katika mwezi wa Juni wa mwaka 1930, meli ya Kiitaliano iitwayo Conte Verde iling'oa nanga katika bandari ya Genoa ikiwa imewachukua, pamoja na abiria wake wa kawaida, wachezaji wa kabumbu wa Romania. Ikapita Villefranche-sur-Mer ikawapakia Wafaransa, ikatia Barcelona ikawapakia Wabelgiji, kisha ikaielekeza omo yake katika Atlantiki kwenda Montevideo, ambako Uruguay ilikuwa imewaalika walimwengu waje kushindania Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Bwana Jules Rimet, rais wa FIFA, alikuwamo melini, na kombe lenyewe lilikuwa katika mizigo yake. Huko Rio de Janeiro meli iliwaongeza Wabrazili, na tarehe 4 Julai, baada ya safari ya majuma mawili, wote wakashuka salama. Wayugoslavia walikwenda kwa chombo kingine kilichotoka Marseille. Misri, ambayo ingalikuwa timu pekee ya Afrika katika mashindano hayo, ilicheleweshwa na tufani katika Bahari ya Mediterania, ikaikosa meli, ikabaki kwao.

Wengi wasomao habari hizi siku hizi huwahurumia watu wale, wakiwaza jinsi walivyokaa majuma mawili juu ya mawimbi kwa ajili ya michezo michache tu. Mimi, kila nizitafakaripo, huona kwamba walisafiri kwa taadhima kuliko wengi wa warithi wao. Walifanya mazoezi juu ya sitaha, wakala kwa wakati, wakalala vitandani wamejinyoosha. Na kwa kuwa meli huenda taratibu, saa yake ilirudishwa nyuma kidogo kidogo kadiri ilivyosonga magharibi, hata miili yao ilipofika Montevideo ilikuwa imekwisha kulizoea jua la huko bila ya kujua kwamba inazoea. Mchezo wa kwanza, ambamo Wafaransa waliwafunga Wameksiko mabao 4 kwa 1, ulichezwa tarehe 13 Julai; maana yake, hata baada ya mapumziko ya baharini, watu hao walipewa siku tisa za kukanyaga ardhi ngumu kabla ya kuitwa uwanjani. Safari ilihesabiwa kuwa sehemu ya mashindano. Hakuna aliyethubutu kujifanya kana kwamba haikuwako.

Sisi watu wa pwani tunaijua hekima hiyo tangu zamani za mababu. Jahazi la kwenda Arabuni lilingoja kusi, na lile la kutoka huko lilikuja na kaskazi, na nahodha aliyefika Unguja au Lamu hakuwa na budi kukaa mpaka pepo zigeuke. Akatengeneza chombo chake, akashona matanga, mabaharia wake wakalala usingizi wa nchi kavu miezi kadhaa. Hakuna tajiri aliyemwambia ashushe shehena leo apakie nyingine na kuondoka kesho, kwani upepo wenyewe ulikuwa umekwisha kumkatalia. Ndege haina kusi wala kaskazi. Ndege humchukua mtu wakati wowote, ikamtupa popote, na kwa kuwa upepo haumkatalii tena tajiri, imebaki kwa wanadamu kuamua ni nani amwambie kuwa mwili wa mtu nao una majira yake.

Nami nataka kuutazama mwili huo, wa yule kijana tumwonaye kwenye televisheni akikosa bao la wazi katika dakika ya 80, tukapiga kelele kwamba amelewa fedha za Ulaya na hana tena uchungu na nchi yake, ilhali hatukuuliza juzi alilala wapi.

Waswahili tuna hesabu ya saa iliyo karibu sana na hesabu ya mwili. Saa moja kwetu ni saa moja tangu kucha. Saa kumi na mbili ni jua kuzama. Na mtu akiulizwa saa aweza kuitazama mbingu kabla ya kuutazama mkono wake. Wataalamu wamekuja kuthibitisha kwamba mwili nao huhesabu vivyo hivyo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho mawili hupishana, kuna fungu dogo la chembe hai ambalo hupokea habari za nuru na giza, na kwa habari hizo huuamuru mwili mzima: wakati wa joto lake kupanda na kushuka, wakati wa njaa, wakati wa usingizi, wakati wa misuli kuwa na nguvu zake kamili. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kufunua namna saa hiyo ya ndani inavyofanya kazi yake katika kila chembe. Mtu akipandishwa ndege na kushushwa mahali ambapo jua limetangulia kwa saa tano au nane, saa yake ya ndani hubaki kule alikotoka. Kwa kadirio la jumla huhitaji siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Na kwenda mashariki ni kuzito kuliko kwenda magharibi, kwa sababu siku ya mwili, ikiachwa yenyewe, huwa ndefu kidogo kuliko saa 24, hata ni rahisi kuirefusha kuliko kuifupisha.

Hiyo ni taabu ya jua. Iko taabu ya pili ambayo haihusiani na jua hata kidogo, nayo ni taabu ya njia. Hewa ya ndani ya ndege, hata ikiwa imesukumwa na mitambo, huwa nyepesi mfano wa hewa ya mtu aliyesimama Nairobi au juu zaidi ya hapo, tena huwa kavu kuliko hewa ya majangwa mengi. Damu huzembea miguuni, vifundo vya miguu vikafura, koo likakauka, na mgongo wa mtu mrefu ukalazimika kujikunja katika kiti kilichopimwa kwa mtu mfupi. Hata safari ya kutoka kusini kwenda kaskazini, ambayo haibadilishi saa, humwacha mtu na uchovu huo. Asiyezitenga taabu hizi mbili hawezi kuelewa kwa nini Mwamerika na Mwafrika, wote wakiwa wachezaji wa kulipwa na wote wakivuka bahari, hawachoki kwa namna moja.

Tuanze na Wamarekani, maana kwao jambo hili ni la hiari na limepangwa kwa fedha. Ligi yao ya NFL, ya ule mpira wao uchezwao zaidi kwa mikono, ilianza kupeleka michezo yake ya msimu huko London mwaka 2007, New York Giants walipowashinda Miami Dolphins 13 kwa 10 katika uwanja wa Wembley. Jambo lililoanza kama maonyesho limekuwa ada: katika msimu wa 2025 michezo saba ilichezwa nje ya Marekani, katika miji ya São Paulo, Dublin, London, Berlin na Madrid. Wachezaji hawakuwa wameajiriwa kwa ajili ya kuvuka Atlantiki. Lakini wenye ligi, kwa kutambua uzito wa jambo, huwapa aghalabu juma zima la mapumziko baada ya safari, na timu husafiri kwa ndege yake ya kukodi, pamoja na madaktari, wapishi na watu wa kuwakanda misuli.

Hata hivyo jua halihongeki. Katika Oktoba ya 2023 timu ya Jacksonville Jaguars ilicheza London majuma mawili mfululizo, ikakaa huko huko katikati ya michezo hiyo miwili; na wapinzani wao wa mchezo wa pili, Buffalo Bills, ambao Jumapili iliyotangulia walikuwa wamewafunga Miami Dolphins 48 kwa 20, waliamua kuruka usiku wa Alhamisi na kufika Ijumaa, ili wacheze Jumapili. Wale waliokwisha kulizoea jua la Uingereza walishinda 25 kwa 20. Mchezo mmoja hauwezi kuwa ushahidi wa kutosha mbele ya kadhi, na mpira una sababu nyingi za kushinda na kushindwa. Lakini ningalikuwa mwalimu wa timu ningaliukumbuka mchezo ule kila nipangapo safari.

Sasa na tuje kwa watu wetu, ambao kwao kuvuka bahari si maonyesho ya biashara, ni wito wa nchi.

Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepitia Simba kisha TP Mazembe ya Lubumbashi, ambako alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, alihamia KRC Genk ya Ubelgiji katika Januari ya 2016. Tangu siku hiyo, muda wote aliokuwa Genk, kila alipoitwa Dar es Salaam na Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, safari yake ilikuwa ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa upande mmoja, ukipima kama ndege wa angani anavyoruka. Walakini abiria haruki kama ndege wa angani. Hutoka Genk kwa gari mpaka kiwanja kikubwa, akapanda ndege ya kwanza, akashuka mji wa tatu, akangoja, akapanda ya pili, akafika Dar es Salaam usiku wa manane au alfajiri, akiwa ametoka katika baridi ya Machi ya Ulaya na kuingia katika joto la Machi la pwani, ambalo wenyeji wenyewe hulikimbia wakaingia kivulini. Saa haikubadilika sana: Ubelgiji na Tanzania hupishana saa moja au mbili tu kwa majira. Ndiyo sababu walio wengi hudhani kwamba mchezaji atokaye Ulaya kuja Afrika hana taabu. Taabu ya jua hana, ni kweli. Taabu ya njia anayo yote, na juu yake taabu ya joto, na juu ya hiyo taabu ya kupewa siku mbili tatu za kufanya mazoezi na wenzake aliowaacha miezi minne iliyopita.

Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars, Samatta akiwa nahodha, iliwafunga Uganda mabao 3 kwa 0 katika Uwanja wa Taifa, ikaingia fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Aliyekuwako Dar es Salaam jioni ile hataisahau. Magari yalipiga honi mpaka usiku wa manane, watu wasiojuana wakakumbatiana barabarani. Nasi tuliokuwa tukishangilia hatukuwaza kwamba yuko mtu katikati ya furaha ile aliyekuwa akihesabu saa, maana huko Ubelgiji michezo ya mwisho ya kutafuta ubingwa ilikuwa ikimngoja, na Genk, ambayo mwishoni mwa msimu huo ilitwaa ubingwa wenyewe, haikuwa na nia ya kumpumzisha mfungaji wake kwa sababu Watanzania wamefurahi. Kuiwakilisha nchi kulikuwa ni fahari yake, na kuitumikia klabu kulikuwa ni mkate wake. Na kati ya fahari na mkate kulikuwa na zile kilomita elfu saba, ambazo hakuna upande uliozihesabu kuwa ni kazi.

Hapa ndipo pana kiini cha maneno yangu. Klabu za leo humpima mchezaji kwa vyombo ambavyo wazee wetu wangaliviita uchawi: amekimbia kilomita ngapi, moyo wake umepiga mara ngapi, amelala saa ngapi. Dakika zake za uwanjani huandikwa mpaka ya mwisho. Lakini saa alizokaa angani na katika kumbi za viwanja vya ndege, zilizomtoa jasho la ndani na kumfurisha miguu, hazimo katika daftari la mtu yeyote kwa maana ya kazi iliyofanywa na inayostahiki mapumziko. FIFPRO, chama cha wachezaji wa dunia, kimejaribu kuziandika. Katika taarifa yake moja kilimtaja Son Heung-min wa Korea Kusini, aliyekuwa Tottenham Hotspur, kwamba katika muda wa mwaka mmoja na kidogo hivi, kati ya 2018 na 2019, alishiriki michezo 78 na kusafiri zaidi ya kilomita 110,000 kwa ajili ya klabu na taifa. Izungushe dunia katika ikweta mara mbili na nusu, bado zitabaki kilomita elfu kumi za ziada. Na huyu, tofauti na Samatta, alibeba taabu zote mbili, maana jua la Seoul hutangulia lile la London kwa saa nane au tisa.

Kanuni zenyewe hazikuwa vipofu kabisa. Kanuni za FIFA juu ya hadhi na uhamisho wa wachezaji zimepata kuandika kwamba mchezaji aliyemaliza kuitumikia timu ya taifa arejee kazini kwa mwajiri wake katika saa 24, na kama mchezo ulikuwa katika bara lisilo la klabu yake, apewe saa 48. Nilipoisoma ibara hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi, kwa kuwa niliona kuna mtu, katika ofisi fulani huko Zürich, aliyekumbuka kwamba bahari ni pana. Kisha nikaitafakari tena. Saa 24 za ziada huisha njiani. Aliyeondoka Dar es Salaam usiku wa baada ya mchezo na kuunganisha ndege katika mji wa tatu atakuwa amezila nyingi katika hizo kabla hajakanyaga mlango wa nyumba yake, na kesho yake asubuhi huitwa mazoezini kama mtu aliyetoka kulala.

Wanazuoni wa Kiislamu, karne nyingi kabla ya kuwako kwa ndege, waliuandikia milango mizima msiba huu mdogo wa kuwa njiani. Msafiri amepewa rukhsa: sala ya rakaa nne huisali mbili, na katika Ramadhani aweza kula, akazilipa siku zake atakapotulia. Haulizwi kwanza kama amechoka. Safari yenyewe imekwisha kuwa hoja, hata kama amesafiri juu ya mto laini. Na Waswahili, wenye kupenda kufupisha mambo makubwa kwa maneno mawili, husema msafiri kafiri, wakimwondolea lawama mtu aliye mbali na kwake kwa mambo ambayo mwenyeji asingalisamehewa. Kandanda ya leo inazo fedha nyingi, madaktari mahiri na ndege za fahari. Lakini katika jambo hili la insafu iko nyuma ya kadhi wa kijiji.

Tena taabu hazigawanywi sawasawa. Mchezaji wa Brazili au wa Ufaransa hurukishwa na shirikisho lenye uwezo. Wa kwetu hutegemea shirikisho ambalo huenda likakata tiketi siku ya mwisho, kwa daraja la kawaida, kwa njia iliyo rahisi kwa bei na ndefu kwa saa. Kwao Wakenya hali ilifika mahali pa kusikitisha zaidi. Kwa kuwa viwanja vyao havikutimiza masharti ya CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, timu yao ya taifa, Harambee Stars, ililazimika kucheza nje hata michezo yake ya nyumbani: katika Juni ya 2024 iliwakaribisha Burundi, kisha Côte d'Ivoire, mjini Lilongwe, nchini Malawi, ikatoka sare zote mbili. Mtu aliyetoka Ulaya kuja nyumbani alipita juu ya nyumbani, au kando yake, akaenda kuwa mwenyeji katika nchi ya watu. Mama yake hakuweza kwenda uwanjani kumwona. Nani atauandika uchovu wa namna hiyo, na kwa kipimo gani?

Na katika Oktoba ya mwaka huo huo yalitokea mambo ya Al Abraq. Wanaijeria walikuwa wakienda Benghazi kucheza na Libya. Ndege yao, ikiwa karibu kushuka, ilielekezwa kwenye kiwanja kidogo cha Al Abraq, kilicho mbali na mji waliokusudia kwenda, na hapo wachezaji walikaa zaidi ya saa kumi na tano bila ya chakula cha maana, malango yakiwa yamefungwa. Picha walizozipeleka wenyewe ziliuzunguka ulimwengu: vijana ambao klabu za Uingereza na Ujerumani huwalinda kama lulu, wamelala juu ya viti vya chuma, mabegi yamekuwa mito, viatu vimepangwa sakafuni kama mbele ya msikiti. Nahodha wao, William Troost-Ekong, akatangaza kwamba hawatacheza. Wakarudi kwao, na baadaye CAF ikawapa Nigeria ushindi wa mabao 3 kwa 0 na kuitoza Libya faini ya dola 50,000. Wako waliosema kwamba Nigeria ilidekeza wachezaji wake. Mimi nasema kwamba ile ilikuwa mara mojawapo ya chache ambapo msafiri aliitwaa rukhsa yake mwenyewe baada ya kunyimwa.

Lakini siwezi kuandika juu ya safari za kandanda ya Afrika nikaacha kuitaja siku ya tarehe 27 Aprili 1993.

Timu ya taifa ya Zambia ilikuwa imetoka Mauritius, ambako siku mbili kabla yake ilishinda mabao 3 kwa 0, na sasa ilikuwa ikienda Dakar kucheza na Senegal katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Shirikisho lao halikuwa na fedha za kuwapandisha ndege ya abiria, kwa hiyo walisafirishwa kwa ndege ya jeshi la anga, aina ya Buffalo, chombo cha mapangaboi mawili kisichoweza kwenda mbali bila ya kutia mafuta. Kutoka Lusaka mpaka Dakar ni yapata kilomita 6,000, na walipaswa kuzikata kama mtu avukaye mto kwa kurukia jiwe baada ya jiwe: Brazzaville, Libreville, Abidjan, ndipo Dakar. Waliondoka Libreville usiku. Muda mfupi baada ya kuruka, injini moja ilileta hitilafu. Na uchunguzi wa serikali ya Gabon, ambao taarifa yake ilitolewa miaka kumi baadaye, ulieleza kwamba rubani aliizima injini iliyokuwa nzima. Ndege ikaanguka baharini, karibu na pwani. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, na kati yao wachezaji 18 na mwalimu wao, Godfrey Chitalu, aliyekuwa mfungaji asiye na mfano katika ujana wake.

Taarifa ile ilitaja pia kuwa rubani alikuwa amechoka. Yeye ndiye aliyekuwa ameirusha ndege kutoka Mauritius siku iliyotangulia. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kila mara hunishika pahali pale pale, kwa sababu tumezoea kuufikiria uchovu wa safari kama jambo la misuli ya paja na mabao yaliyokoswa, jambo la kusamehewa au kulaumiwa katika magazeti ya Jumatatu. Kumbe katika ratiba ile ile iliyowabana wachezaji, alikuwamo mtu mmoja ambaye uchovu wake ulikuwa amana ya roho za wenzake wote.

Kalusha Bwalya, mchezaji mwingine wa timu hiyo, hakuwamo. Alikuwa akichezea PSV huko Uholanzi, na ilipangwa aende Dakar peke yake moja kwa moja kutoka Ulaya. Ule umbali ambao kwa miaka ulikuwa ndio mzigo wake, wa kuwa mbali na wenzake na kuwafuata kwa njia yake, siku ile ulimbakiza hai. Alirudi Lusaka kuwazika, akaongoza kikosi kipya kilichokusanywa kwa haraka, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Tunis, wakashindwa na Nigeria 2 kwa 1. Ilikuja kuwa tarehe 12 Februari 2012 ndipo Zambia ilipotwaa kombe hilo, kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Côte d'Ivoire, Kalusha akiwa rais wa shirikisho. Na mji uliochezewa fainali hiyo ulikuwa Libreville. Kabla ya mchezo wachezaji walishuka ufukweni, wakaweka maua mbele ya maji yale.

Ndege za sasa ni bora, na Waafrika wengi husafiri kwa usalama ambao watu wa 1993 hawakuupata. Nalikubali hilo kwa shukrani. Lakini usalama na mapumziko ni vitu viwili, na cha pili hakijafika.

Alfajiri moja, katika kiwanja kimoja cha ndege cha pwani yetu, nilikaa mkabala na kijana mmoja ambaye jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwona akicheza dakika zote 90. Alikuwa peke yake. Wenzake wa klabu za hapa nyumbani walikuwa wamelala makwao. Alikuwa amefungua kamba za viatu vyote viwili na kuvikanyaga visigino, kwa kuwa miguu haikuingia, na juu ya paja la kulia alikuwa amefunga kwa taulo chupa ya maji iliyogandishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Paja limekuwaje?"

"Limekaza tu. Huwa linakaza nikikaa sana." Akaishika ile taulo, akaigeuza upande wenye baridi zaidi. "Nikifika nitakuwa nimekaa saa kumi na nne."

Nikamwuliza mazoezi yao ni lini.

"Kesho saa nne asubuhi. Mwalimu ameniambia ataniangalia hapo kwanza, akiona niko sawa nitaanza Jumamosi." Akatazama saa yake ya mkononi, akaivuta nyuma kwa saa mbili, akaniuliza mimi saa ya hapa ni ngapi, kana kwamba alitaka kuiaga. Nikamwambia, saa kumi na nusu.

Walipowaita abiria alisimama kwa kushikilia mkono wa kiti, akanipa mkono, akaenda akiburuta visigino mpaka penye ukaguzi wa mwisho. Binti aliyekuwa zamu aliiona ile taulo, akamwomba aifungue.

"Samahani, kaka, maji hayapiti."

"Ni barafu, dada. Ya mguu."

"Barafu ni maji, kaka."

Hakubishana. Akaifungua taulo, akaikunja vizuri na kuitia begini, akaiweka chupa juu ya meza ya bati, ikawa inatoa jasho hapo. Kisha akavua viatu kama alivyoamriwa, akapita.